Mbu anaishi siku ngapi? Somo langu la modeli linaanzia hapo

Wiki ya pili ya muhula, mwanafunzi mmoja aliniita kwenye kompyuta yake. "Mwalimu, njoo uone, mbu wangu wameenda hasi." Kweli. Alikuwa ameandika programu ya kuhesabu mbu wanavyokufa. Alianza na mbu 1,000, mwezi uliofuata akapata -2,000, kisha 4,000, kisha -8,000, na programu haikulalamika hata kidogo. Tukachukua karatasi. Kasi ya vifo aliyoandika ilikuwa 0.1 kwa siku, lakini aliiambia kompyuta iruke siku 30 kwa hatua moja. Zidisha 0.1 kwa 30 upate 3: ameua mara tatu ya mbu alionao. Alipoifupisha hatua iwe sehemu ndogo ya siku, mwezi ulimwachia mbu 50 hivi, kama hesabu inavyotaka.

Kosa hili nalithamini. Aliyelifanya mara moja hasahau tena kuuliza kila namba imepimwa kwa kipimo gani: kwa siku, kwa mwezi, au kwa mbu mmoja.

Wanafunzi wa bioinfomatiki, elimu ya kuchambua data za viumbe kwa kompyuta, wanafika kwangu wakiwa wamezoea jenomu, yaani mafaili makubwa ya herufi za DNA ya kupanga na kulinganisha. Hapa kazi inageuka. Unaandika kanuni za jinsi kitu kinavyobadilika, kisha unaiachia kompyuta iziendeshe siku baada ya siku. Hiyo ndiyo modeli. Tunapita kwenye vimeng'enya, seli zinazogawanyika, wanyama wawindaji na mawindo yao. Ila malaria naikalia wiki tatu, maana sijapata darasa ambalo haijawagusa.

Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza nchini India, aliviona vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu mwaka 1897 huko Secunderabad, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Wengi wanaishia hapo, lakini nusu ya pili ya kazi yake ndiyo ninayoifundisha. Watu walimpinga wakisema: huwezi kuua kila mbu, basi kuna faida gani? Akajibu kwa hesabu, kwenye ripoti yake ya Mauritius ya mwaka 1908 na maandishi yaliyofuata, kwamba si lazima waishe. Wakipungua chini ya kiwango fulani, kila mgonjwa anaambukiza chini ya mtu mmoja, na ugonjwa unajizima wenyewe.

Miaka ya 1950 George Macdonald, mtaalamu wa malaria Mwingereza, aliikuza hesabu hiyo, na hapa ndipo naomba kila mtu afunge kompyuta ashike kalamu. Ukipunguza idadi ya mbu kwa nusu, maambukizi yanapungua kwa nusu. Ukipunguza kuumwa kwa nusu, yanabaki robo, kwa kuwa mbu lazima aume mara mbili: mara ya kwanza achukue vimelea, mara ya pili avitoe. Lakini gusa umri wa mbu uone. Kati ya kuuma huko kuwili kimelea kinahitaji muda wa kukomaa, kama siku 10 hadi 12 kwenye joto la nyuzi 25 hadi 27, na mbu wengi hufa kabla. Chukua siku 10. Uwezekano wa mbu kuiona kesho ukiwa 0.9, watakaofika ni 0.9 kwa kipeo cha 10, yaani 35 kati ya 100. Ushushe hadi 0.8, wanafika 11 tu, na hao 11 nao wamebakiwa na wastani wa siku 4 na nusu za kuuma badala ya 9 na nusu. Zidisha yote mawili: maambukizi yameshuka karibu mara saba.

Ndiyo maana ukuta wa nyumba ulipewa uzito mkubwa. Mbu akishiba damu hutua ukutani kupumzika, na dawa iliyopuliziwa pale inamfupishia maisha. Hesabu hii iliutia nguvu mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza malaria, ulioanza 1955 na kuachwa 1969. Upareni na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dieldrini, dawa ya kuua wadudu. Anopheles funestus, mmoja wa mbu wanaoeneza malaria, karibu atoweke, malaria ikapungua sana, lakini haikukatika. Modeli ilichukulia mbu wote ni wamoja. Mbu anayeuma nje na kulala nje, au anayemgeukia ng'ombe, ukuta haumhusu. Zoezi la wiki ya tatu ni hilo: gawa mbu makundi mawili, wa ndani na wa nje, kisha puliza dawa ndani tu.

Sasa ile 0.9 inatoka wapi? Kabla ya kuwapa data, nawapeleka wakakae na fundi wa maabara ya wadudu. Fundi anampasua mbu jike kwa sindano mbili chini ya hadubini, anatazama ovari. Mbu ambaye hajataga ana mirija midogo ya hewa iliyojikunja kama uzi kwenye kibonge. Akishataga mara moja mirija inanyooka, na haijikunji tena. Kama mzunguko wa kula na kutaga ni siku 3 na waliotaga ni 73 kati ya 100, yaani 73 ndio waliovuka siku hizo 3, kipeuo cha tatu cha 0.73 kinakupa 0.9.

Kisha nawauliza: fundi akichoka jioni, akawaweka mbu watano upande usio wao, akaandika 68? Wanarudi kwenye hesabu. Makadirio ya maambukizi yameshuka kwa zaidi ya theluthi. Mwaka huu, baada ya zoezi hilo, wanafunzi wawili waliomba ruhusa warudi maabara Jumamosi, wajifunze kupasua wenyewe.