Mamluki na kijeba: nani anastahili kuchezea shule?

Ukikaa kando ya uwanja wakati wa michezo ya shule, neno mamluki litakufikia tu. Timu imefungwa mabao matatu kipindi cha kwanza, mwalimu wake anasimama, anamnyooshea kidole mshambuliaji wa upande wa pili: "Yule mamluki! Yule si mwanafunzi!" Pengine anasema kweli. Pengine amefungwa tu na anatafuta pa kushika.

Neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Kiarabu, mamluk ni mtu anayemilikiwa. Misri ilikuwa na askari wa jina hilo, walionunuliwa wakiwa wadogo na kufunzwa vita, na mwishowe wakaitawala nchi wao wenyewe, tangu 1250 hadi Waturuki wa Uthmania walipowashinda mwaka 1517. Kiswahili kilibaki na maana ya askari wa kukodiwa, anayepigania bendera isiyo yake kwa ujira. Wanasiasa wakalichukua kumsema mwanachama mwenye mguu mmoja chama kingine, na walimu wa michezo nao wakapata fungu lao. Shuleni, mamluki ni mchezaji anayevaa jezi ya shule, wilaya au mkoa ambao si wake.

Angalia kwamba maana hiyo haigusi umri, kimo wala ndevu. Hapo ndipo watazamaji wengi wanapochanganya. Aliyezidi umri ana jina lake la mtaani: kijeba. Mtu anaweza kuwa mamluki akiwa na miaka kumi na minne tu, kama ametolewa shule ya jirani na kupachikwa kwenye kikosi. Na mwingine anaweza kuwa kijeba huku akiwa mwanafunzi halali kabisa, anayehudhuria kila siku, daftari lake limejaa. Wapo pia waliokamilisha yote mawili, na hao ndio mwalimu wetu anawatafuta kwa macho.

Kinyume cha yote hayo ndicho kinachoitwa ustahiki: hali ya mchezaji kuwa na haki ya kucheza mashindano fulani kwa kanuni za mashindano hayo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Hakuna ustahiki wa jumla ambao mtu hutembea nao kama kitambulisho mfukoni. Kijana anaweza kustahili ligi ya mtaani Jumamosi na asistahili bonanza la shule Jumatatu, bila kuwa amefanya kosa lolote katikati.

Tanzania ina mashindano mawili makubwa ya shule. UMITASHUMTA ni ya shule za msingi, UMISSETA ni ya sekondari, na yote husimamiwa na serikali, TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ikiwa mbele. Yanaanzia shuleni na kupanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa. Ila ukifika juu, aliyeko uwanjani si shule tena. Ni mkoa. Kwa hiyo swali la "huyu ni wa wapi?" hubadilika njiani. Ngazi ya chini mamluki ni mtoto wa shule ya pili. Ngazi ya taifa ni mtoto wa mkoa wa pili, au kijana wa klabu aliyemaliza shule zamani na sasa amerudishiwa sare kwa wiki mbili.

Kenya mambo yamekaa tofauti kidogo. Kule ni shule yenyewe inayopanda kutoka kaunti hadi taifa, na bingwa huenda kuiwakilisha nchi kwenye michezo ya sekondari za Afrika Mashariki, ile ya FEASSSA, iliyofanyika Huye, Rwanda, mwaka 2023 na Kakamega mwaka 2025. Heshima ikiwa ya shule moja, na kishawishi nacho kinaikalia shule hiyo hiyo. Mkuu wa shule anajua kwamba jina likitajwa redioni Agosti, Januari wazazi watapanga foleni.

Sasa tuingie kwenye uhakiki, maana hapo ndipo ustahiki hupimwa kwa vitendo. Jioni kabla ya mechi ya kwanza, meza imewekwa chini ya mwembe au ndani ya darasa. Kila mchezaji anaitwa na fomu yake: picha, jina, darasa, sahihi ya mkuu wa shule, muhuri. Kuna cheti cha kuzaliwa. Siku hizi ipo pia namba ya mwanafunzi katika kumbukumbu za baraza la mitihani, NECTA, ile ya PREM, na Kenya wana namba yao katika mfumo wa wizara ya elimu. Namba hizi zimewatesa wadanganyifu kuliko vitisho vyote vya waraka, kwa sababu picha unaweza kubandua na kubandika nyingine, lakini mtoto hawezi kuwa anasoma shule mbili kwenye kompyuta moja.

Hata hivyo mhakiki mzoefu haanzi na makaratasi. Anamuuliza kijana mwalimu wake wa hisabati anaitwa nani. Anamuuliza bweni lake liko upande gani wa bwalo. Mwanafunzi wa kweli hujibu bila kufikiri; mamluki humtazama mwalimu aliyemleta. Ni mbinu ya kizamani, na bado inafanya kazi.

Penye ugumu ni pale makaratasi na majibu yote ni sahihi, lakini roho ya jambo haijatulia. Chukua kijana mwenye kipaji kutoka familia isiyo na uwezo. Shule binafsi yenye timu nzuri inamwona, inamfutia ada, inampa kitanda na viatu vya mpira. Barua ya uhamisho imesainiwa kote kunakohitajika. Je, huyo ni mamluki? Kwa kanuni, hapana. Amehama kihalali, anasoma pale, atafanya mtihani pale. Ziko shule zilizojijenga kwa njia hiyo: Makongo ya Dar es Salaam, Alliance ya Mwanza, St. Mary's Kitende ya Uganda, na wachezaji waliotoka huko tumewaona kwenye ligi kubwa. Mimi sioni ubaya wowote hapo, mradi kipaji kimempa mtoto darasa.

Kipimo changu ni kimoja: mashindano yakiisha, kijana yuko wapi? Kama wiki inayofuata amekaa darasani anahangaika na kemia kama wenzake, alihamia shule. Kama kitanda kimebaki kitupu na jina linaendelea kuitwa bila mtu wa kuitika, alihamia timu. Kanuni nyingi hujaribu kukamata tofauti hiyo kwa tarehe: lazima mchezaji awe amesajiliwa shuleni kabla ya siku fulani, au waliohamia karibuni wasizidi idadi fulani kikosini. Tarehe hazioni nia ya mtu, lakini angalau zinamlazimisha mjanja aanze ujanja wake mapema.

Kijeba anahitaji huruma zaidi kuliko anayopewa. Vijijini mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza na miaka kumi kwa sababu alikuwa anachunga, au mwaka ule nyumbani kuliuguliwa. Akifika la saba ana miaka kumi na sita na sauti imeshavunjika. Huyo hajamdanganya mtu. Ni mwanafunzi, jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio, ila mashindano yenye kikomo cha umri hayamruhusu, na ni sahihi yasimruhusu, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na mbili atakayegongana naye mifupa yake bado haijakomaa.

Mfano ulionyooka kuliko yote uko Kenya. Mwaka 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret, akavaa kaptura na soksi ndefu, akakaa na watoto. Uanafunzi wake haukuwa na shaka. Dunia nzima ilimpigia picha. Lakini hakuna mwamuzi ambaye angempanga kwenye mbio za mita mia za darasa la kwanza. Kuwa mwanafunzi ni kufuli moja, umri ni jingine, na ufunguo wa moja haufungui jingine.

Udanganyifu huanza pale cheti kinapochongeshwa ili kufuli la pili lifunguke. Dawa iliyopatikana kwenye soka la vijana ni kipimo cha kifundo cha mkono kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la wavulana chini ya miaka 17 kule Nigeria mwaka 2009. Mfupa wa mkono una sehemu ya kukulia karibu na kiganja, na kwa wavulana sehemu hiyo kwa kawaida haijafunga kabisa kabla ya miaka 17. Picha ikionyesha imefunga, cheti hakina la kusema. Kipimo hakitaji tarehe ya kuzaliwa, kinasema tu kwamba mlango umeshafungwa. Wasichana hakiwafai vilevile kwa sababu mifupa yao hufunga mapema.

Serengeti Boys, timu yetu ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17, imeonja pande zote mbili za jambo hili. Ilifuzu fainali za Afrika za Gambia mwaka 2005, kisha ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Miaka kumi na miwili baadaye ilikwenda Gabon, safari hii kwa sababu Congo Brazzaville, iliyokuwa imeitoa, ilishindwa kumpeleka mchezaji wake mmoja kwenye kipimo. Tulioshangilia mara ya pili tulikuwa wale wale tuliolalamika kuonewa mara ya kwanza.

Bado sijagusa nidhamu, ambayo ni sehemu ya ustahiki hata kama haina namba wala mashine. Mwanafunzi aliyesimamishwa masomo hawezi kusimamishwa Jumatano na kuchezea shule Ijumaa. Kambini anabaki chini ya mwalimu na matroni kama alivyo bwenini: saa za kulala, ruhusa ya kutoka, hakuna pombe, hakuna kumtukana mwamuzi. Wengi hudhani kadi nyekundu inaishia uwanjani. Shule yenye msimamo humwita kijana ofisini kwa kadi hiyo hiyo. Na shule isiyo na msimamo humsamehe mfungaji mabao utoro ambao ungemfukuzisha beki wa akiba. Wanafunzi wanaliona hilo kabla ya walimu.

Marekani wameongeza kufuli ambalo kwetu silioni sana: alama za darasani. Jimbo la Texas lilitunga sheria mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa sekondari aliyepata chini ya 70 kwa 100 katika somo anasimama kucheza kwa muda. Vyuo vikuu vya daraja la kwanza chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, vinamtaka mchezaji anayeingia awe amesoma masomo 16 ya msingi sekondari na wastani wa 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Hili si la mbali na sisi. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Suleiman Nyambui wetu alikuwa wa chuo cha Texas kule El Paso wakati anachukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Nyambui alikuwa ameshavuka miaka 25. Kule pia walikuwepo walionung'unika kwamba Waafrika hawa ni watu wazima wanaokimbizana na vijana waliotoka sekondari juzi. Lakini kijana wa leo anayeota njia hiyo, kinachomkwamisha zaidi ni cheti cha kidato cha nne. Sisi swali letu la kwanza ni "huyu ni nani?", wao huongeza "na amepata ngapi?" Ajabu yake, silabi TA ya kwanza katika UMITASHUMTA inasimama badala ya taaluma.

Mamluki akibainika, kanuni humshukia kila mtu, lakini si kwa uzito sawa. Timu hupokwa pointi au kuondolewa. Mwalimu huandikiwa barua. Kijana hupandishwa basi na begi lake, wenzake wakimtazama, na jina lake kusomwa kwenye kipaza sauti. Yeye ndiye mdogo kuliko wote waliokaa kikao cha kumleta, kama alikaa kabisa. Na fedha zikiongezeka vikao hivyo havitapungua: michuano ya shule ya CAF, ambayo fainali zake zilichezwa Zanzibar Mei 2024, humpa bingwa dola 300,000.

Kwa hiyo mzazi ukiletewa fomu usiku, na mwalimu ana haraka kwa sababu gari linaondoka alfajiri, washa taa uisome. Tazama jina la shule lililoandikwa pale juu ni lipi. Tazama tarehe ya kuzaliwa. Kama mojawapo si ya mtoto wako, unayeombwa sahihi ni wewe, si mwalimu.