Mchanga Hauchuji Kinyesi

Juzi tena. Vijana wanne kutoka mjini, mahema mawili, madumu matatu ya maji, jiko la gesi, taa za sola. Wakaniambia wamejitosheleza, hawatamsumbua mwenye shamba kwa lolote. Nikauliza: na choo? Mmoja akanionesha jembe. "Tunachimba mchangani, bahari itasafisha."

Mimi kazi yangu ni kuwatafutia watu mashamba ya kupiga kambi kati ya Paje na Makunduchi, na jembe hilo nimeoneshwa hadi nimechoka.

Upande huu wa Unguja umekaa juu ya jiwe la matumbawe. Chimba kidogo tu, jembe linagonga mwamba, na mwamba wenyewe umejaa matundu, nyufa na mapango. Maji hayachujwi humo, yanapita. Maji matamu ya visima vyetu ni tabaka jembamba linaloelea juu ya maji ya bahari, na uchafu unalifikia upesi kuliko unavyoweza kuoza. Unachokizika usiku nyuma ya hema kinaelekea ama kisimani kwa jirani, ama ufukweni. Ukibisha, ngoja maji ya bahari yapwe, ushuke pwani utazame mchanga: utaona vijito vyembamba vinachuruzika kuelekea baharini. Hayo ni maji ya nchi kavu, yamepita chini ya mashamba. Ukiyaonja chumvi yake ni ndogo, ingawa baada ya haya niliyokwambia sidhani kama utaonja. Mbele kidogo tu kina mama wa mwani wamesimama, maji magotini, wanafunga mbegu kwenye kamba. Miguu yao ndiyo inayopokea "usafi" wa bahari.

Wapo wajanja zaidi, wanakuja na choo cha kubebeka na chupa ya dawa ya buluu, wakiamini dawa ikishaingia basi popote panamwagika. Dawa ile inaua harufu. Kinyesi kinabaki kinyesi, na dawa nyingine ukizimwaga kwenye karo la mwenyeji, yaani shimo lake la maji machafu, zinaua hata bakteria wanaoozesha uchafu. Mimi nasema acha dawa. Mkojo uwekee kidumu chake, maana vikichanganywa ndipo harufu inapoanza, kinyesi kiende kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila asubuhi vimwagwe kwenye karo lililosakafiwa ambalo mmekubaliana na mwenyeji kabla ya kushusha mizigo. Karo hakuna? Tafuta shamba jingine.

"Sabuni yetu ni ya asili, tunaogea baharini." Sabuni hiyo huozeshwa na vijidudu vya udongoni. Maji ya sabuni yapeleke migombani, mbali na kisima.

"Shamba ni la mtu, tukielewana naye imetosha." Haijatosha. Zanzibar ardhi yote ni ya umma kwa sheria ya mwaka 1992, mtu ana haki ya kuitumia tu, na mwenye shamba si lazima awe mwenye minazi: huku miti hurithiwa na kuuzwa mbali na ardhi. Mkwezi anaweza kufika alfajiri na mwenye shamba asijue. Pitieni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, mjitambulishe, halafu muulize minazi ni ya nani.

Na msilale chini yake. Kila mtu anataka kivuli cha mnazi, na kila mtu anadhani nazi huanguka mchana.

"Maji hayafiki hapa, tazama alama ya jana." Jana ilikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Ukisimika hema tarehe 9 ya mwezi mwandamo kwa kufuata alama hiyo, bamvua, yaani maji makuu, la tarehe 15 au 16 litakukuta usingizini. Rudini ndani ya shamba.

Wale vijana mwishowe walikubali ndoo yangu, shingo upande. Wakauliza nani ataibeba asubuhi. Nikamwelekeza aliyekuja na jembe.