Je, wajua kwa nini pochi yenye alama zilizopinduka inaweza kuwa ndo orijino?

Juzi kwenye harusi moja Makorora, hapa Tanga, kuna dada kachekwa mpaka basi. Kaja na pochi ya Louis Vuitton, ile ya kahawia yenye L na V na vimaua, mtumba aliouagiza onlaini, sasa wakati anaenda mbele kutunza watu wakaona nyuma ya pochi zile herufi zimesimama kichwa chini miguu juu. Basi tena, meza nzima ikacheka, eti hata feki wa Kariakoo wanajua kuisimamisha L. Mi nikanyamaza maana sikutaka ugomvi na pilau bado haijafika, ila kusema kweli pale ukumbini yeye ndo alikuwa na nafasi ya kuwa na kitu cha kweli, na waliocheka ndo walitakiwa wageuze za kwao waangalie.

Iko hivi. Ile modeli inaitwa Speedy, ipo tangu miaka ya 1930, na ya kawaida mwili wake ni kipande kimoja cha turubai kinachoanzia mbele, kinapita chini kwenye kitako, kinapanda nyuma, kitakoni hakuna mshono. Kama hujanielewa chukua kitenge chenye picha za kuku, kikunje katikati kama unataka kushona mfuko bila kukata chini, kuku wa mbele watasimama vizuri na wa nyuma watakuwa vichwa chini, fundi yeyote wa Ngamiani atakwambia hakuna namna nyingine. Sasa kuna wanaotengeneza feki wakaona ile ni kasoro, wakakata vipande viwili, wakaunga kitakoni ili alama zisimame pande zote, yaani wamerekebisha kisichoharibika na hapo ndo wanakamatika. Lile begi la safari, Keepall, nalo liko hivyohivyo. Ila usije ukatoka hapa ukaenda kucheka pochi nyingine zote, zipo modeli zenye mshono kitakoni kihalali kabisa, kwanza ujue unanunua modeli gani. Na zipo feki za siku hizi zinazopindua alama kama kawaida, kwahiyo alama kupinduka peke yake haitoshi.

Na ndiyo, ni turubai sio ngozi, ni kitambaa cha pamba kilichopakwa plastiki, muuzaji akikwambia mwili wote wa hiyo pochi ni "ngozi tupu" ujue hata ye hajui anauza nini. Hiyo michoro yenyewe Georges Vuitton, mtoto wa Louis mwenyewe, aliianzisha mwaka 1896, na sababu mojawapo ilikuwa watu walikuwa wanaiga masanduku ya baba yake. Mwaka 1896 bana, reli ya Tanga haijafika hata Korogwe, watu washachoka na feki.

Ngozi yenyewe iko kwenye mishikio, na hapo ndo pananifurahisha maana anayeiga anaiga sura, uzee hauwezi. Ile ngozi ya mishikio haijapakwa rangi wala dawa ya kuikinga, ikiwa mpya ni nyeupe ya maziwa, kadiri inavyopigwa jua na kushikwa na mikono yenye jasho inageuka asali, mwisho inakuwa kahawia. Sasa mtu anakuandikia "imetumika miaka sita" halafu mishikio myeupe kama jana, au imekolea rangi sawasawa kila kona mpaka chini ya vyuma ambako jua halifiki, jiulize. Inawezekana alibadilisha mishikio, sawa, aseme.

Mi mwenyewe nilishaingizwa mjini. Nilinunua pochi kwenye ukurasa mmoja wa Instagram, laki na themanini, nikaambiwa ngozi ya Italia, ikaja na kadi ya dhahabu imeandikwa ni halisi. Miezi minane ikaanza kubanduka kama ukuta wa nyumba ya pwani, ukikaa nayo kwenye bajaji unashuka na magamba meusi kwenye gauni. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba zile ngozi za plastiki hewa ya joto na unyevu inazila taratibu, inavunja ile tabaka ya juu, na Tanga kwa unyevu hatujambo, kwahiyo kanyaboya ambayo Arusha ingejificha miaka kadhaa huku inaumbuka mapema. Ngozi ya kweli inachakaa, inapasuka, inaota hata ukungu kabatini, ila haibanduki magamba namna ile.

Na ile kadi! Louis Vuitton hawatoi kadi ya uhalisia hata siku moja, ikija nayo ndo ushahidi wa kinyume. Hawana sell pia, hakuna cha "klirensi" wala "mzigo wa mwisho wa mwaka".

Kuna kingine watu wanakiamini sana, namba ya ndani. Sio namba ya pochi yako peke yako kama namba ya simu, ni ya kiwanda na tarehe, pochi nyingi zinabeba ileile. Ila inasomeka. Kuanzia 2007 kwenye zile tarakimu nne, ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. 2187 ni wiki ya 28 ya 2017. Ukikuta 7168 ni wiki ya 76, na mwaka wenye wiki 76 labda uko kwao. Na tangu 2021 waliacha hizo namba wakaweka chipu ndani, kwahiyo "ni ya 2023" halafu anakuonesha namba iliyogongwa, hapana.

Miwani nayo niseme kidogo maana hii inagusa macho. Ray-Ban kwenye kioo, pembeni karibu na bawaba, kuna vidogo sana RB vimechongwa, ukipitisha ukucha unavisikia. Mpaka 1999 ilikuwa ya kampuni ya Bausch & Lomb, za enzi hizo zina BL, baada ya hapo ikaenda kwa Waitaliano wa Luxottica. Kwahiyo "antiki ya miaka ya 80" yenye RB kwenye kioo inabidi ijieleze. Na kioo cheusi kisichozuia mionzi ya jua (UV) kinaweza kuwa kibaya kuliko kutovaa, giza linafungua mboni halafu mionzi inaingia kwa nafasi.

Onlaini huwezi kushika, kwahiyo omba picha mpya: nyuma, kitako, chini ya mishikio, mshono wa ndani, juani sio kwenye taa, na pembeni kakaratasi ka tarehe ya leo. Alizoposti zipitishe Google Lens, pengine utakuta ni za duka la Japani. Hela usitangulize, mzigo uje na basi, ukague hapohapo stendi na muuzaji yuko kwenye simu ndo utume, akikataa basi.

Wiki iliyopita nimeona Speedy moja, laki mbili na nusu. Nikamwandikia, "Dada habari, naomba picha ya upande wa nyuma." Akajibu, "Mpenzi nyuma ni kama mbele tu." Nikamwambia hapo ndo penyewe, akanibloku. Bibi harusi kanitumia ukurasa wa yule muuzaji leo asubuhi, pochi bado ipo, imeshuka mpaka elfu tisini na tano.