Je, wajua? Kwa nini mke akishasamehe, amri ya mahakama haijasamehe

Picha ilinifikia usiku, baada ya tarawehe. Karatasi yenye muhuri, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imefanya weupe. Chini yake sauti ya mpwa wangu aliyeko Houston, katika jimbo la Texas: "Mjomba, shikamoo. Nisomee hii. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyenipigia simu nikafutari na watoto. Sasa polisi wananitafuta kwa lipi?"

Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Chake Chake, Pemba. Si wakili, na mambo ya Texas nimelazimika kuyasoma kwa ajili ya huyu kijana. Swali lake lakini nalijua siku nyingi. Nimelisikia barazani kwa sheha, nimelisikia nje ya mahakama chini ya mwembe, kwa mama aliyeshika mkoba kwapani: "Kesi nimeifungua mimi, mbona naambiwa siwezi kuifuta?" Na nimelisikia kwa mume wake, siku hiyohiyo: "Kaniruhusu niingie ndani, sasa kosa langu liko wapi?" Mume na mke wanauliza jambo moja bila ya kujua. Wanauliza amri ni ya nani.

Karatasi ya mpwa wangu ni ile inayoitwa amri ya ulinzi. Mtu anayeogopa kudhuriwa na mume, mke, mzazi au mtu wa nyumba moja huenda mahakamani akaeleza yaliyompata, na mahakama ikiridhika humkataza yule mwengine asimguse, asimkaribie, asimtumie vitisho, pengine asifike kabisa nyumbani au skuli wanayosoma watoto. Huko Texas hakimu anaweza kutoa amri ya muda ya siku zisizozidi 20 kwa kumsikiliza muombaji peke yake, maana anayekimbia kisu hawezi kusubiri mwenzake aletewe wito. Siku hizo huweza kuongezwa. Halafu hupangwa siku ya kusikilizwa pande zote mbili, na amri inayotoka hapo kwa kawaida hudumu hadi miaka 2. Kuivunja ni kosa la jinai ambalo linaweza kumpeleka mtu jela hadi mwaka 1 na faini ya hadi dola 4,000.

Sasa niliikuza ile picha kwa vidole viwili, nikashuka mpaka chini, nikaliona. Sheria ya familia ya Texas inalazimisha kila amri ya namna hii iwe na onyo lililoandikwa kwa namna ya kuonekana wazi. Maana yake ni hii: hakuna mtu yeyote, hata yule anayelindwa na amri, mwenye uwezo wa kumruhusu mwengine aipuuze au aivunje, kila kipengele kinabaki na nguvu mpaka mahakama yenyewe iibadilishe. Kijana alikuwa nalo mfukoni wiki tatu. Hakulisoma, kwa sababu alidhani anayemkataza ni mkewe.

Kwa nini sheria iwe ngumu hivyo? Mtu akishasamehewa, si yamekwisha?

Jibu lake linatoka katika maisha ya nyumbani, na sisi wa visiwani tunayajua vizuri. Aliyepigwa leo ndiye anayeombwa radhi kesho kwa doti ya kanga. Kesho kutwa anaitwa na wakwe, anaambiwa watoto watakula nini baba akifungwa. Wiki ya pili mama yake mzazi anamwambia avumilie, ndoa ni stara. Mpaka anasema "nimesamehe", hakuna anayeweza kujua kama neno hilo limetoka moyoni au limekamuliwa. Lau idhini yake ingetosha kuvunja amri, basi mpigaji angeifuata hiyo idhini kwa ngumi ileile. Kwa hivyo sheria imemvua yule mnyonge mzigo wa kusema ndiyo au hapana, ikauweka kwa hakimu ambaye haogopi kunyimwa posho wala kuachwa. Wakwe wakimjia, ana jawabu la kweli: si mimi, ni mahakama.

Nakiri kwamba mwanzoni mimi mwenyewe nililiona hili kama kuingilia nyumba za watu. Miaka ya kukaa na wanawake wanaoficha uso kwa mtandio ndani ya chumba chenye joto imenibadilisha.

Hapa Zanzibar hatuna karatasi moja yenye jina hilo, na ndipo watu wanapopotea. Kenya wametunga sheria yao ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani mwaka 2015, na huko mtu huomba amri ya ulinzi kwa jina lake. Kwetu kinga imetawanyika. Ipo ndani ya masharti ya dhamana: mshtakiwa anaachiwa kwa sharti asiwaingilie mashahidi, na shahidi mkuu wa kesi ya kupigwa mke ni mke. Ipo katika uwezo wa hakimu kumtaka mtu aweke ahadi ya maandishi kwamba atatunza amani, na akiivunja fedha aliyoahidi inadaiwa. Ipo katika Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, ambapo mahakama huweza kuamuru mtoto aliye hatarini atolewe nyumbani awekwe pahala salama. Mtu anayesubiri apewe "ile karatasi ya Marekani" anaweza kukaa na khofu yake mwaka mzima, ilhali alichokihitaji ni muendesha mashtaka kuambiwa kabla ya siku ya dhamana kwamba mshtakiwa anaishi mlango wa pili.

Na ile kesi yenyewe, mama hawezi kuifuta kwa sababu si yake. Kesi ya jinai Zanzibar huendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya Serikali. Mama yumo kama shahidi. Ukiitazama hati ya mashtaka hutaliona jina lake juu likishindana na la mumewe. Anaweza kwenda kusema anataka yaishe, na atasikilizwa, lakini wa kuiondoa mahakamani ni mwenye kesi. Familia nyingi hufanya sulhu chini ya mnazi, wakala ubwabwa, wakasahau kabisa, kisha wanashangaa wito umekuja. Na hapo hufanyika jambo baya zaidi: shahidi anafichwa Unguja kwa shangazi ili asifike. Kesi inakufa, na aliyeumizwa anarudi kwa mtu ambaye sasa ameshajua kwamba hakuna kitakachompata.

Niseme pia kwa uwazi: mshtakiwa naye ni mtoto wa mtu. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwamba ametenda. Amri ya kumuweka mbali si hukumu ya kwamba amepiga. Hapa ndipo penye utata ambao wakili hulipwa kuufumbua. Ombi la amri ya ulinzi huko Texas ni shauri la madai: muombaji anahitaji kuonesha tu kwamba maelezo yake yana uzito zaidi kuliko ya mwenzake. Kesi ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka yoyote ya maana. Ugomvi mmoja, usiku mmoja, unaweza kwenda katika milango miwili, na mtu akashindwa mlango wa kwanza akashinda wa pili.

Lakini maneno hayabaki mlangoni. Mume anakwenda kwenye shauri la amri bila ya wakili, anataka kuonekana muungwana, anasema mbele ya hakimu: "Kweli nilimsukuma, lakini alinianza." Anadhani amejitetea. Maneno yale yanaandikwa, na muendesha mashtaka wa kesi ya jinai anaweza kuyaleta baadaye kama ushahidi dhidi yake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1963, katika kesi ya Gideon, kwamba mshtakiwa wa kosa zito la jinai asiye na uwezo lazima apatiwe wakili na serikali. Uamuzi huo haukufika kwenye mashauri ya madai. Ndiyo maana wengi huingia mlango ule wa kwanza peke yao, na ndio unaowaponza.

Kwa mtu wetu aliyehamia huko liko zito zaidi. Asiye raia wa Marekani, hata mwenye kibali cha kuishi cha kudumu, anaweza kufukuzwa nchini kwa kuvunja amri ya ulinzi tu, mahakama ikithibitisha kwamba alivunja sehemu inayomkinga mtu dhidi ya vitisho vya kweli, usumbufu wa kurudiarudia au kuumizwa. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, Mahakama ya Juu ileile ya Marekani ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kwake kosa kunaweza kumfukuzisha. Mpwa wangu alishaambiwa na rafiki wa kazini: "Kiri tu, utalipa faini, utakwenda zako." Rafiki ni mzaliwa wa hapo. Yeye akikiri hulipa faini akarudi nyumbani. Mwenzake anaweza kujikuta amepandishwa ndege. Nilimwandikia usiku uleule: usikiri, usimpigie mkeo, usimtume mtu kwake, tafuta wakili wa jinai anayejua na mambo ya uhamiaji.

Tukirudi kwetu, kitu cha kwanza wakili anachokifanya ni kusoma. Nimekaa pembeni ya mmoja hapa Chake Chake akiwa na hati ya mashtaka ya kijana wa Wawi. Alipitisha kidole mstari kwa mstari: tarehe, pahala, kifungu. Akasimama kwenye kifungu. Kijana alikuja na ujumbe wa simuni uliokuwa na vifungu vya sheria ya Bara, akivikariri kwa moyo. Wakili akamwambia kwa upole kwamba polisi ni wa Muungano, lakini jinai huku ina sheria zake: Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza kijana yule: "Masharti ya dhamana yako uliyasoma, au ulisomewa na mdhamini?"

Alisomewa na mdhamini, ami yake, ambaye alikuja na barua ya sheha na kitambulisho chake cha Mzanzibari, akatia saini na kukimbilia daladala. Sharti la kutomkaribia mlalamikaji halikufika masikioni mwa kijana. Wakati ule alikuwa ameshakwenda mara mbili kumpelekea mtoto maziwa. Kwa nia njema kabisa, na kwa mwaliko. Dhamana ingeweza kufutwa kesho yake.

Wakili hakumwambia aache kumlisha mtoto. Alipeleka ombi mahakamani masharti yabadilishwe, maziwa na pesa za matumizi zipitie kwa bibi mzaa mama, kijana abaki mbali. Hakimu alikubali. Ilichukua asubuhi moja. Njia hiyo ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyeijua, na watu wawili waliokuwa tayari kusaidiana walikuwa wanakaribia kumpeleka mmoja wao rumande.

Aliyeumizwa naye anahitaji mtu wa kumsimamia, ingawa muendesha mashtaka yupo. Kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali, Unguja na Pemba, ambavyo vinamkutanisha na daktari, polisi na mshauri pahala pamoja ili asizungushwe. Kwa wakili asiyelipiwa, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwepo tangu 1992, wapo wanawake wanasheria wa ZAFELA, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 msaada huu umewekewa msingi rasmi, pamoja na sisi wasaidizi wa sheria tulioko mitaani. Talaka, khuluu na matunzo atayapeleka kwa Kadhi. Kadhi hahukumu jinai, kwa hivyo kupewa talaka hakumalizi kesi ya kupigwa, na kesi ya kupigwa haimpi talaka. Nimeona mama aliyekwenda mlango mmoja akingoja majibu ya mwengine miezi minane.

Wazee wetu walikuwa na neno vakili, mtetezi aliyeruhusiwa kusimama katika mahakama za chini tu, mbali na wakili kamili. Bado baadhi ya bibi zetu husema "nimeweka vakili" kwa maana ya kuweka mtu wa kusema badala yao. Napenda neno hilo. Kazi kubwa ya huyo mtu, kama nilivyoiona, hufanyika kabla hajasimama kusema: anakusomea karatasi uliyoitia saini, na anakuzuia kinywa mpaka ufike pahala pa kusemea.

Mpwa wangu alimpata. Mkewe mwenyewe aliandika kwa mahakama kwamba anataka watoto wamuone baba yao, na wakili akaomba amri ibadilishwe badala ya kuvunjwa. Shauri la futari lile bado halijesha. Lakini jana imenifikia picha nyengine, karatasi mpya, haijakunjwa: Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, watoto wakiwa pamoja na mtu wa tatu. Safari hii aliipiga picha pande zote mbili, na lile onyo la chini amelizungushia kalamu nyekundu.