Je, wajua? Maafisa wa Ellis Island hawakubadilisha majina ya wahamiaji

Mwalimu anayefundisha watoto historia ya uhamiaji wa Marekani huulizwa swali hili mapema: ilikuwaje mtu akatoka Poland akiitwa Kowalczyk, halafu wajukuu wake New York wakaitwa Smith? Jibu lililozoeleka ni kwamba afisa wa Ellis Island, kituo cha kukagua wahamiaji kwenye bandari ya New York, alishindwa kulitamka jina, akaandika lililomjia kichwani. Linavutia, linakumbukwa kirahisi, na si kweli.

Afisa yule hakuwa mwandishi wa majina. Alikuwa msomaji wa majina yaliyokwisha kuandikwa.

Kituo kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892 na kufungwa mwaka 1954, baada ya watu wapatao milioni 12 kupita. Siku moja tu, 17 Aprili 1907, waliingia 11,747. Cha kumweleza mtoto kwa utulivu ni karatasi iliyotangulia umati huo: orodha ya abiria.

Mfano wa kifurushi cha basi unatosha. Ukituma mzigo kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, jina la mpokeaji linaandikwa Dar. Karani wa Mwanza anaangalia karatasi, anauliza, "Wewe ndiye fulani?", kisha anaweka alama. Jina likiwa limekosewa, limekosewa Dar. Vivyo hivyo, wahamiaji waliandikwa na makarani wa kampuni za meli huko Hamburg, Liverpool au Naples. Sheria ya Marekani ya mwaka 1893 ilitaka orodha hizo ziandaliwe kwa makundi yasiyozidi watu 30, na nahodha aziapie mbele ya konseli (balozi mdogo) wa Marekani kabla ya kung'oa nanga. Kampuni ilikuwa na sababu ya kuwa makini: abiria aliyekataliwa ilimrudisha kwa gharama yake.

Abiria alishuka na kibandiko kifuani chenye namba ya ukurasa na ya mstari wake. Afisa alifungua ukurasa huo, akauliza maswali yaleyale, mara nyingi kwa dakika chache tu, akalinganisha majibu. Wakalimani walikuwepo, Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alikuwa mmoja wao. Kubuni jina jipya kungeivuruga karatasi ambayo kazi yenyewe ilikuwa kuihakiki.

Makosa ya tahajia yalikuwepo, tena mengi, hasa jina lilipotoka kwenye herufi za Kirusi au za Kiebrania kwenda za Kilatini. Maafisa pia walisahihisha orodha palipobidi. Lakini mhamiaji hakutoka pale na hati ya kumlazimisha kuitwa hivyo maisha yake yote. Majina mengi yalibadilika baadaye, kiwandani, dukani, shuleni, na mara nyingi kwa hiari ya mwenyewe. Sheria ya uraia ya mwaka 1906 iliruhusu hata mahakama kumbadilishia jina mwombaji wakati wa kumpa uraia.

Darasani, lionyeshe kwa vitendo. Chora karatasi yenye mistari 30. Wape watoto majina ya Kihungari au ya Kipolandi; wakitumia majina yao wenyewe, karani atayaandika sawasawa na zoezi litakufa hapo. Kila mmoja amtamkie karani jina lake mara moja, bila kulitaja herufi kwa herufi, kisha abandikwe namba ya mstari. Afisa apewe penseli nyekundu ya kuweka alama tu, na dakika mbili kwa kila abiria. Mwishoni weka meza ya mwajiri, ambapo mhamiaji mwenyewe anachagua jina la kutumia kazini. Linganisheni majina yote: mlolongo utaonyesha jina lilipopotoka na lilipochaguliwa. Kosa la kawaida ni kumwachia mtoto wa mezani kwa afisa agawe majina ya kuchekesha. Darasa litafurahi, na uongo uleule utakita mizizi.

Uongo huu una madhara zaidi, kwani unawafunika waliopoteza majina kweli. Waafrika wapatao 388,000 walioshushwa Amerika ya Kaskazini kama watumwa walipewa majina na waliowanunua. Mtoto asifundishwe kuwaita wahamiaji. Na Wachina, waliozuiwa na sheria ya mwaka 1882, walipata upenyo baada ya moto wa mwaka 1906 kuteketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco, kwani ikawa vigumu kukanusha madai ya mtu kuwa alizaliwa Marekani: wengine walinunua karatasi za kuwafanya wana wa raia, wakakariri ukoo usio wao, na kuhojiwa kwa siku kadhaa Angel Island, kituo cha uhamiaji cha San Francisco kilichofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1940. Hawa walibadili jina kabla ya kupanda meli. Makaburini mwao kuna mawe yenye ukoo wa karatasi kwa Kiingereza na ukoo wa kweli kwa Kichina.