Chinatown ya Manhattan haina Wachina wa aina moja

Wengi hudhani Chinatown ya Manhattan, New York, ni mtaa wa watu wamoja wenye lugha moja. Sivyo kabisa. Waliotangulia, karne ya 19, wengi walitoka Taishan, mkoani Guangdong. Baada ya sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965, iliyolegeza masharti ya kuingia, wakaongezeka wazungumzaji wa Kikantoni, lugha ya kusini mwa China, kutoka Hong Kong. Kisha, miaka ya 1980 na 1990, wakaja watu wa Fuzhou, mkoani Fujian, wakaijaza East Broadway, barabara iliyokuwa ya Wayahudi (jengo la gazeti lao la Kiyidi, Forverts, lingali pale). Mfuzhou na Mkantoni, kila mmoja akisema lugha ya kwao, hawaelewani. Wakikutana dukani huokolewa na Kimandarini, yaani Kichina rasmi, kama wote wanakijua.