Je, Wajua? Kilele cha Mbeya Hakijawahi Kuwa Volkano

Mgeni akifika Mbeya na kuuona mlima ulioukingia mji upande wa kaskazini, mara nyingi huuliza ulilipuka lini. Si ajabu, maana Rungwe, wenye karibu mita 2,960, hauko mbali na ni volkano kweli. Lakini Kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800, hakina kreta, lile shimo la mdomo wa volkano, wala hakijawahi kutema moto.

Safu hii ni ya miamba geu, yaani iliyogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, tena ya kale mno, umri wake unakaribia miaka bilioni 2. Kilichoinyanyua ni Bonde la Ufa. Mbeya ndipo yanapokutana mabonde matatu: la Rukwa kaskazini magharibi, la Ziwa Nyasa kusini na la Usangu mashariki. Ardhi ilipopasuka, pande zilididimia na bonge hili likabaki juu. Kwingine nyufa hizohizo zilifungulia njia magma, mwamba ulioyeyuka, ndipo Rungwe ukazaliwa.

Huhitaji maabara kuthibitisha. Okota jiwe karibu na kilele: lina mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda, alama ya miamba geu, na chembe za ulanga zinazometa juani. Kisha nenda Tukuyu, mji ulio karibu na Rungwe, utazame kingo za barabara zilizochongwa. Humo mna mawe mepesi yenye vitundu, yale ya kusugulia visigino, ambayo ukiyatia majini yanaelea. Rungwe uliyarusha katika mlipuko mkubwa kama miaka 4,000 iliyopita.

Kwa kuwa ni bonge lililokatwa na ufa, mlima wa Mbeya una mbavu za kusimama na mgongo mwembamba, na hilo ndilo linalompa mpandaji kazi. Njia fupi inaanzia upande wa Mbalizi, kupita Utengule hadi kwenye mashamba ya kahawa. Kutoka hapo ni saa moja hadi moja na nusu ya kupanda mfululizo, kwanza katikati ya mikaratusi, halafu nyasi tupu. Njia ndefu inatoka mjini kupitia Loleza (mita 2,656), kisha unafuata mgongo kuelekea magharibi. Hiyo ni ya siku nzima, na ndiyo nzuri zaidi kama magoti yanaruhusu.

Juu mgongoni usitegemee kupata maji. Beba lita 3. Novemba hadi Aprili ondoka alfajiri, maana radi za alasiri humkuta mtu akiwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote mgongoni. Septemba na Oktoba pakavu, ila moshi wa nyasi zinazochomwa huziba mandhari; Mei mwishoni na Juni ndipo unaona mbali, kwa gharama ya baridi kali.

Wanaopotea wengi hupotea wakishuka. Ukungu unatanda, mtu anafuata kinjia cha ng'ombe au cha wakata kuni, kinamwingiza korongoni, naye anazidi kushuka akidhani atatokea barabarani, hadi anakwama juu ya genge. Ukiona njia inaingia korongoni, rudi juu mgongoni, subiri ukungu upite. Mwenyeji wa vijiji vya chini anazijua njia hizo zote, kwa hiyo panda naye.